Mizani Tatu

Mlango wa banda tumeufunga, na gunia tumeliziba chini yake,
kwa sababu upepo wa Southland, hata ule wa kunong'ona,
ukipita chini ya mabawa
huiba kilo mbili na hauzirudishi.

Banda hili lilikuwa la kukatia kondoo sufu.
Mbao zake bado zinateleza kwa mafuta ya kondoo,
na mizani iliyokuwa ikipima marobota
leo imebeba mkia wa ndege.
Mbili nyingine, za magurudumu,
katuazima Daktari Paewai, tabibu wa mifugo.
Moja ina alama ya kwato za ndama.

Baba analaza pimamaji mgongoni mwa ndege,
anasubiri kiputo kitulie,
kisha anateremsha timazi kutoka ukuta wa injini
na kuchora chaki sakafuni: sifuri.
Kila kitu, anasema, huanzia hapa.
Betri ina umbali wake, tangi lina umbali wake,
na wewe, Ishbel, una wako.

"Usipumue."
Nasoma kwa sauti.
Kushoto, mia na arobaini na saba.
Kulia, mia na arobaini na tisa.
Anakunja uso, anapenyeza mkono chini ya kiti,
anatoa nyundo aliyoitafuta tangu Pasaka.
Kulia, mia na arobaini na nane.
Mkia, ishirini na moja.

Mia tatu na kumi na sita.
Mchoro uliahidi mia mbili na tisini.
Zile ishirini na sita ziliingia lini?
Ziliingia na mkono wa tatu wa rangi,
na zulia ambalo Mama alisema litapunguza kelele,
na skrubu moja moja,
na miaka kumi na mmoja ya "tutie na hii".
Haba na haba, na kibaba kimefurika.

Shairi likizidi mizani, hukwaruza sikio,
msomaji akasamehe.
Ndege ikizidi, mhariri wake ni ardhi.

Anafungua daftari la zamani, ukurasa wa kwanza.
Rubani: kilo sabini na tisa.
Anajishika tumbo, anafuta,
anaandika tisini na moja. Mimi natazama dari.
Kiti cha nyuma: Ishbel, kilo thelathini na moja.

Nilikuwa na miaka minane.
Alinisimamisha juu ya mizani hii hii ya marobota,
soksi zangu zikinata kwenye mafuta ya sufu,
nikadhani ni mchezo.
Kumbe kila ubavu wa ndege, kila riveti,
ilimngoja mtoto yule,
na kwa kuwa alikuwa mwepesi mno
betri ikafungwa mkiani,
kilo saba za risasi
zimsaidie kuwa mzito.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Sikuwahi kujua kwamba nimebebwa.

Leo nina sitini na nne.
Anazidisha, anajumlisha, anagawa,
anatafuna ncha ya penseli, anarudia.
Kitovu cha uzito kimerudi nyuma,
kimevuka mpaka kwa sentimita mbili,
upana wa kidole gumba chake.
Kwa kidole gumba hicho, pua ingeinuka
na isikubali kushuka.

"Basi ruka peke yako," nasema.
Hajibu. Anachukua spana namba kumi,
anatambaa mkiani hadi vinabaki viatu,
nasikia nati zikilegea, na tusi moja.
Anatoka kinyumenyume, betri kifuani,
buibui nyweleni,
anaipeleka mbele, anaiegesha kwenye ukuta wa injini
na kukaa chini kuhesabu upya.

Nusu sentimita. Ndani.

Uzito wote bado haukubali tangi lijae.
"Nusu tangi, basi."
"Nusu tangi linafika wapi?"
"Ziwa Te Anau na kurudi. Bila kuzubaa."

Kisha anaikata ile thelathini na moja
kwa mstari mwembamba sana,
namba ibaki ikisomeka.